Ufa Juu ya Dirisha la Tatu

Mama mdogo alinipigia simu siku ya Jumanne saa nne asubuhi, saa ambayo huwa hanipigii kwa sababu anajua niko kazini. Alisema ameletewa barua. Nilimwomba anisomee. Akasema miwani iko kwa cherehani, nisubiri, nikasikia viatu vyake vikienda na kurudi juu ya sakafu ya mbao. Kisha akasoma polepole: ukuta wa upande wa magharibi umepata ufa, jengo limekuwa hatari, wapangaji wote wahame kabla ya mwisho wa Desemba. Chini kulikuwa na sahihi ya mwenye jengo.

"Huo ufa uko wapi?" nikamuuliza.

"Juu ya dirisha la tatu. Uko hapo siku mingi. Ni kama uzi tu."

"Siku nyingi kiasi gani?"

"Sasa nitajuaje? Mimi hushona, sipimi kuta."

Kazi yangu ni kukagua madai ya bima. Nimeingia katika nyumba zilizoungua ambamo moto ulichoma viti vikuukuu na kuiacha friji mpya, nimeona magari yaliyogongwa ubavuni na miti isiyokuwa na mkwaruzo. Mtu akiniambia kitu kimeharibika, swali langu la kwanza ni nani anafaidika kikiharibika. Kwa hiyo kabla sijakata simu nilikuwa nimefungua ukurasa mpya wa daftari na kuandika tarehe, aliyetoa taarifa na anachodai mwenye jengo. Mstari wa nne niliuacha wazi, wa sababu halisi.

Jengo lenyewe liko Machakos mjini, kwenye barabara inayoteremka kutoka sokoni. Watu wote huliita Benki ya Zamani, ingawa benki ilihama kabla sijaanza shule. Sehemu ya mbele ni ya mawe ya kijivu. Yale ya chini yameachwa na migongo mikavu kama ya mikate iliyopasuka, na yale ya juu yamechongwa hadi yakawa laini. Kuna nguzo nne zilizojitokeza nusu ukutani, na juu yake ukanda mzito wa mawe, halafu pembetatu kubwa yenye duara ambamo palikuwa na mwaka wa kujengwa. Duara hilo limepakwa rangi mara nyingi hivi kwamba hakuna anayeweza kuusoma. Mlango uko ndani ya tao, na jiwe la katikati ya tao limechongwa kichwa. Wengine husema ni simba, wengine husema ni mzungu mwenye ndevu.

Hata kabla ya barua ile nilikuwa nalitilia jengo hilo shaka. Mjini huambiwa ni la enzi za Malkia, la mtindo wa Kivictoria halisi, na ni kweli kwamba mtindo ndio huo. Lakini mtindo husafiri polepole. Naamini Malkia alikuwa amekwisha kuzikwa mafundi wa Kihindi walipopewa mchoro kutoka Uingereza na kuambiwa waujenge chini ya milima ya Iveti. Nguzo zile nne hazibebi chochote. Niligonga moja nikiwa mwanafunzi wa sekondari, nilipokuwa nikiishi na mama mdogo, nikakuta ukuta uliopo nyuma yake ndio wenye kazi. Ukizunguka upande wa nyuma, ambako mteja hakuwa na sababu ya kufika, hakuna jiwe la kuchongwa hata moja. Ni mawe ya kuokota yaliyopangwa kwa chokaa. Benki ilitaka mtu amkabidhi mgeni mali yake, kwa hiyo ikasimamisha ukuta wa kumshawishi. Nililielewa hilo mapema, na labda ndilo lililonipeleka kwenye kazi yangu.

Ndani ni habari nyingine. Ukumbi ni chumba kimoja kirefu, dari yake iko juu sana, na upande wa magharibi kuna madirisha matano yanayoanza usawa wa kifua na kupanda karibu na dari. Kaunta ndefu ya mbao ngumu, waliyokuwa wakisimama nyuma yake makarani, bado ipo. Mama mdogo huitumia kukatia vitambaa. Anashona sare za shule na majoho ya kwaya, na cherehani yake iko chini ya dirisha la tatu. Pembeni, nyuma ya ukuta wa mbao, kuna mtu wa kutengeneza simu. Nyuma kabisa, katika chumba kilichokuwa cha kuhifadhia fedha, chenye kuta nene kama urefu wa mkono wangu, kuna muuza dawa na maboksi yake.

Lazima nieleze macho ya mama mdogo, maana yote yalitegemea hayo. Yalianza kufifia miaka kadhaa iliyopita. Chini ya madirisha yale mwanga unashuka kutoka juu na kutua kwenye sindano, na hapo anaona. Kuna wakati ukumbi ulipigwa rangi, akahamia kwa wiki mbili katika kibanda cha jengo jipya chenye taa ya mrija. Alirudi na sketi tano zilizoshonwa mishono nje. Aliponisomea barua alimaliza kwa kusema, bila kulalamika, kwamba akitolewa hapo ataipeleka cherehani nyumbani na kuifunika kitambaa. Nilijua anamaanisha hivyo. Ana miaka sitini na minne, na sijawahi kumwona amekaa bila kazi mkononi.

Jumamosi nilitoka Syokimau, ninakoishi, mapema nikafika kabla hajafungua. Nilipiga picha za ufa kutoka pande tatu. Ulianzia kwenye pembe ya dirisha, ukapanda kwa hatua hatua kama ngazi, ukifuata maungio ya mawe, hadi kwenye dari. Mahali palipokuwa pana zaidi, kifungo cha shati kiliingia kwa ubavu. Nilipiga picha ya kifungo pia.

Kufikia saa tano nilikuwa nimeandika mambo matatu. La kwanza, mwenye jengo alionekana mwezi uliotangulia akiwa na wanaume wawili waliokuwa wakipima ukingo wa barabara kwa utepe. La pili, jengo la jirani, ambalo nalo lilikuwa la zamani, lilitangazwa kuwa hatari, likabomolewa, na sasa pale pana orofa tano za vioo vya buluu. La tatu, kwa miaka yote ambayo ufa ulikuwa uzi hakuna aliyeandika barua.

Mwenye jengo aliingia nikiwa bado juu ya kiti. Ni mzee mrefu aliyestaafu, mwenye kofia ya kaki, na jengo alilirithi kwa baba yake. Alivua kofia.

"Mwaitu, umeamkaje?"

Mwaitu ni mama yangu kwa Kikamba. Anamwita hivyo ingawa yeye ndiye mkubwa kwa umri.

"Tumeamka. Karibu kiti."

"Huyu ndiye wa bima?"

"Ndiye. Ameanza kupiga picha hata chai yangu."

"Wacha apige. Picha haibomoi nyumba."

Nilishuka kitini, nikamsalimia kwa heshima, kisha nikamuuliza nani alimwambia ukuta ni hatari.

"Fundi."

"Fundi gani, mzee?"

"Wa mawe. Anatoka Katangi. Amejenga na mawe tangu mimi nikiwa na nywele."

"Na wale wawili waliokuwa wakipima barabara?"

Aliizungusha kofia mkononi. "Walikuwa wanapima," akasema, na akamwuliza mama mdogo kama joho la mjukuu wake liko tayari. Niliandika jibu lake neno kwa neno.

Kuna mhandisi tunayefanya naye kazi ambaye aliwahi kunifundisha njia ya kuujua ukuta unaosogea. Unachukua kipande chembamba cha kioo, unakibandika kwa plasta kikivuka ufa, unaandika tarehe juu yake. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo kinakatika, kwa sababu kioo hakijui kuvutika. Jumamosi iliyofuata nilikuja na vipande viwili. Kimoja nilikiweka usawa wa macho, kingine juu karibu na dari, nikiwa nimeazima ngazi ya muuza dawa. Mama mdogo alinishikia ngazi akiwa na pini mdomoni.

Ilikuwa bado kiangazi. Wiki tatu zilipita na vioo vilikaa vizima. Kila Jumamosi nilivipiga picha, na kila picha ilinipa nguvu. Ukuta hausogei, nikajiambia, kwa hiyo barua ni uongo. Niliandika malalamiko kwa ofisi za kaunti, kurasa mbili, nikiomba jengo lihifadhiwe kama la kihistoria, na katika aya ya tatu nikasema wazi kwamba mwenye jengo anatumia ufa usio na madhara kama kisingizio cha kuuza kiwanja. Muuza dawa alitia sahihi. Wa simu alitia sahihi, na wateja watano wa mama mdogo pia. Yeye mwenyewe aliisoma mara mbili.

"Hapa umeandika ni mjanja," akasema.

"Ni mjanja."

"Alinipa mahali mume wangu alipokufa na sikuwa na pa kuweka meza. Huyo si mjanja. Labda ni mzee amechoka."

"Mtu anaweza kuwa yote mawili."

Alitia sahihi, lakini kalamu aliiweka chini kwa sauti.

Mvua ya Novemba ilianza siku ya Jumatatu na kunyesha siku tatu. Jumamosi nilipoingia, kioo cha chini kilikuwa kimekatika katikati, mstari mmoja safi. Sikufikiria ukuta. Nilimfikiria mtu.

"Nani ameingia hapa wiki hii?"

"Wateja. Watoto wa shule. Yule fundi wa Katangi alikuja Alhamisi."

"Alifanya nini?"

"Aliangalia ukuta. Akakwaruza. Akaenda."

Niliazima ngazi na kupanda. Kioo cha juu nacho kilikuwa kimekatika. Hakuna mteja anayefika pale.

"Fundi ana ngazi," nikasema kutoka juu.

"Na mvua?" mama mdogo akauliza bila kuinua macho kwenye mshono. "Nayo iko na ngazi?"

Niliandika: vioo viwili, vimekatwa kati ya Jumapili na Jumamosi, mtu aliyepata nafasi ni mmoja. Malalamiko nilikuwa nimepanga kuyapeleka Jumatatu. Niliamua kuongeza aya kuhusu uharibifu wa ushahidi.

Fundi alikuja siku hiyo hiyo mchana, bila kujua kwamba namsubiri. Alikuwa mwembamba, amevaa koti la suti lililojaa vumbi la mawe, na timazi ikining'inia kutoka mfukoni. Alikwenda moja kwa moja dirisha la tatu, akaona vioo vilivyokatika, akasogea nyuma hatua moja.

"Ni mimi niliyevibandika," nikasema.

"Ni wewe?" Alicheka akashika kiuno. "Kumbe. Alhamisi niliona glasi iko na tarehe, nikasema hawa wapangaji wameleta mganga afunge notisi. Sikutaka hata kuigusa. Nilikwaruza huku kwa mbali."

"Kwa hiyo hukuvunja?"

"Nivunje kitu ya mganga? Niko na watoto."

Mama mdogo alicheka hadi akasimamisha cherehani. Mimi nilibaki nikimtazama mikono. Fundi alichukua patasi ndogo, akaingiza kwenye ufa, akatoa donge la kitu cheupe na kuniwekea kiganjani. Nilitarajia unga mkavu. Lilikuwa laini na baridi, kama uji uliolala.

"Mvua ilinyesha lini mwisho?" akaniuliza.

"Jumatano."

"Leo ni Jumamosi na jua imewaka siku mbili. Hii chokaa imelowa ndani. Hawa wazee walijenga na chokaa, si simiti, na chokaa ikinyweshwa kila mwaka inarudi matope. Mimi naona maji inatoka juu, lakini juu sijapanda. Mzee alisema ngazi ya paa iko kwa mwenye dawa, na mwenye dawa kila siku ananiambia kesho."

Ilikuwa kweli. Ngazi ya chuma ya kupandia paani ilianzia ndani ya kile chumba chenye kuta nene, na muuza dawa alikuwa ameipanga maboksi hadi juu. Tuliyahamisha sote watatu kwa nusu saa, muuza dawa akinung'unika kwamba kuna dawa za kikohozi humo zisizotaka kutikiswa. Kisha fundi akatangulia, nami nikafuata. Nilishikilia chuma kwa mkono mmoja na simu ya kupigia picha kwa mkono mwingine, kwa sababu bado nilitaka kumwona akifanya jambo ambalo ningeweza kuliandika.

Kutoka barabarani jengo linaonekana halina paa. Mabati yamefichwa nyuma ya ukuta mfupi unaozunguka pande zote, ile pembetatu ikiwa sehemu yake. Nyuma ya ukuta huo, mahali ambapo sikuwahi kufika kwa miaka yote niliyolitazama, kuna mfereji mpana uliotandikwa bamba la risasi, ile metali laini, ukipokea maji yote ya mabati. Kwenye mfereji kulikuwa na matundu manne. Kila moja lilipaswa kupeleka maji kwenye mdomo wa jiwe uliochomoza nje na kuyatupa mbali na ukuta, barabarani. Matatu kati ya manne yalikuwa yamezibwa kwa saruji. Majani yalikuwa yameota humo, na maji ya Jumatano yalikuwa bado yamesimama, yakigusa juu ya ukuta wa magharibi, pale hasa dirisha la tatu lilipo chini yake.

Tundu la nne lilikuwa limeungwa bomba la plastiki. Nililifuata kwa macho hadi chini. Liliingia kwenye tangi jeusi lililoko uani.

Lile tangi nililinunua mimi. Ulikuwa mwaka wa ukame, mabomba ya mji yalikuwa makavu kwa wiki kadhaa, na mama mdogo alikuwa akinunua maji ya mkokoteni. Nilikuwa nimepata kazi ya kudumu. Nilileta tangi la lita elfu tano kwa lori, tukapiga picha sote mbele yake, kisha nikarudi Syokimau na kumwachia fundi wa mabomba afanye mengine.

Fundi wa Katangi alipasua saruji ya tundu la kwanza kwa patasi. Chini yake palikuwa na kitambaa kimeshindiliwa. Alikivuta, kikatoka kirefu, kimeoza ncha, lakini rangi ilikuwa bado inasomeka. Ilikuwa damu ya mzee, nyekundu iliyokolea, na ukingoni palikuwa na pindo la kijivu. Najua ni shule gani huvaa sketi hizo. Mama mdogo amezishona tangu nikiwa kidato cha pili.

"Mzungu alitaka maji ikimbie," fundi akasema, akikikamua kile kitambaa. "Ametoka kwao, mvua kila siku, yeye hofu yake ni maji. Sisi tukapanda hapa tukaona matundu manne yanamwaga maji kwa barabara." Akatikisa kichwa. "Hata mimi ningeziba."

Nilipiga picha moja tu.

Mama mdogo hakukana hata kidogo. Nilipoweka kitambaa kwenye kaunta alikitambua kabla sijafungua mdomo.

"Hiyo ni mimi nilitoa. Yule wa mabomba alisema maji inaingia tangi kidogo, ingine yote inamwagika. Nikampa vitambaa. Kwani barabara inakunywa maji ya nini? Mimi nimebeba mtungi kutoka mtoni kwa mgongo hadi kamba ikaacha alama hapa." Aligusa paji lake la uso. "Nione maji safi ikienda kwa mtaro?"

"Yameingia ukutani, mama."

Alitazama ufa. Akatazama kitambaa. Nilimwona akipanga jambo kichwani, kama anavyopanga vipande vya joho kabla ya kukata.

"Na ile rangi ya bluu," akasema.

Sikuwa nimeifikiria. Kila Desemba alikuwa akipaka nusu ya chini ya ukuta rangi ya mafuta, isiyoruhusu unyevu kutoka, kwa sababu ilikuwa ikifanya malengelenge, na kila Desemba malengelenge yalirudi. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya malengelenge hayo nikinywa chai, kila nilipomtembelea, na sikuyaona. Pale yalipokuwa makubwa zaidi alikuwa ametundika kalenda.

Kama lingekuwa dai la mteja, ningelikataa kwa mstari mmoja. Uharibifu umesababishwa na mpangaji. Malalamiko yalikuwa ndani ya mkoba wangu, yenye sahihi nane, yakimwita mtu mwingine mwongo.

Nitasema nilichofanya. Nilimtoa fundi hadi mlangoni, chini ya kile kichwa cha simba au cha mzungu, nikamuuliza atamwambia nini mzee.

"Nilichoona."

"Na vitambaa?"

"Niliitwa kuangalia ukuta. Sikuitwa kuangalia nguo," akasema, akapanda bodaboda na kuondoka. Nilibaki sijui kama amenisaidia au amenidharau, na kwa vyovyote sikumwamini.

Nilirudi ndani nikamweleza mama mdogo mpango. Saruji iondolewe kimya kimya. Matundu yafunguliwe. Malalamiko tuyashikilie kidogo. Mzee akijua wapangaji ndio walioziba, ana sababu ya kututoa hata kesho, na hakuna ofisi itakayotusikiliza.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akachukua simu.

"Unampigia nani?"

"Wewe unataka nikae hapa nishone majoho ya kanisa, na huku nimeficha matambara?"

"Si kuficha. Ni kunyamaza."

"Huko Syokimau ndio mnaita hivyo?" akasema, na mzee akawa amepokea.

Alikuja kabla ya saa kumi. Mama mdogo alikuwa amekitandaza kitambaa kwenye kaunta na kukinyoosha kwa kiganja kama kinachosubiri kukatwa. Alimwambia yote akiwa amesimama, tangi, matundu, rangi, bila kunitaja isipokuwa kusema kwamba tangi lilikuwa zawadi. Mimi niliongeza habari ya malalamiko mwenyewe. Nilitoa zile kurasa mbili na kumpa asome, maana sikutaka azisikie kwa muuza dawa. Alisoma akiwa ameshikilia karatasi mbali na macho. Alipofika aya ya tatu midomo yake ilisogea.

"Kisingizio," akasema. "Hili ni neno kubwa."

Alimaliza ukurasa wa pili.

"Mwaitu, mimi pia nachota hapo kwa tangi. Kila Jumapili natuma mitungi minne. Mke wangu anasema chai ya maji ya benki ni tamu kushinda ya bomba." Alikunja karatasi na kunirudishia. "Na wewe wa bima, wale wawili wa utepe walikuwa wanunuzi. Hukukosea. Watoto wangu wako mbali, wanataka niuze. Niliwaambia wanunuzi wangoje niangalie kama ukuta utaanguka. Ukianguka, nitauza kiwanja. Ukisimama, nitakuwa na shida na watoto."

Nilikuwa nimeshuku sawasawa na nimeshuku vibaya, kwa wakati mmoja, na sikujua niandike nini kwenye mstari wa nne.

Fundi alirudi na watu wake wiki iliyofuata. Walifungua matundu yote matatu, wakakwangua rangi ya mafuta hadi kwenye jiwe, wakaanza kujaza ufa kwa chokaa iliyolowekwa, si saruji. Tundu la nne waliliacha na bomba lake, ili tangi lipate robo yake. Mama mdogo alisogeza cherehani hadi dirisha la tano na kufanya kazi katikati ya vumbi, amejifunga leso kichwani. Alhamisi mvua ilirudi, akanipigia simu nikiwa kazini.

"Inamwagika," akasema. "Inatoka kwa mawe kama mtu anatema. Mpaka ng'ambo ya barabara. Watu wameleta mabeseni."

"Usiguse kitu."

"Sigusi. Naangalia tu." Nikasikia mabeseni yakigongana. "Inauma kuangalia."

Nilikuwa nimebandika vioo vipya. Jumamosi vilikuwa vizima, na iliyofuata pia, ingawa mvua ilikuwa imenyesha karibu kila siku. Muuza dawa alikuwa bado hanisalimii vizuri. Alisema nilimfanya aweke sahihi yake kwenye uongo, na nilikubali, nikamwonyesha kwamba karatasi nimeipiga mistari miwili ya wino. Sikumwambia kwamba nakala ninayo.

Mzee alikuja katikati ya Desemba na makubaliano yaliyopigwa chapa, kurasa tatu, nakala mbili. Alisema notisi imefutwa. Alisema pia kwamba ameandika mahali pa kila mtu: yeye atalipia fundi wa mawe, mama mdogo atahakikisha matundu yanasafishwa kabla ya kila msimu wa mvua na hakuna kitu kitakachozibwa, na ukuta utatazamwa tena baada ya mwaka.

"Baada ya mwaka itakuwaje?" nikauliza.

"Tutautazama," akasema.

Nilizichukua karatasi hadi dirishani. Nilisoma ibara ya kwanza mara mbili, kwa sababu ilisema "jengo" mahali ambapo ingeweza kusema "ukumbi", na nilitaka kujua ni kwa nini. Katika ibara ya pili palikuwa na maneno "isipokuwa pale itakapolazimu". Nilipiga mstari chini yake kwa penseli na kugeuka ili niulize nani ndiye atakayeamua kwamba imelazimu. Mama mdogo alikuwa ameinamia kaunta juu ya nakala ya pili, miwani ikiwa puani, na mzee alikuwa amemshikia karatasi isiteleze. Naye mama mdogo alikuwa tayari anaandika herufi ya mwisho ya jina lake.